Mtungi wa Manjano

Krismasi ya mwaka 1990 mjomba alirudi kutoka Mombasa na televisheni. Alikuwa akipakua mizigo bandarini Kilindini, na kama Wakamba wengi walioteremka pwani kutafuta riziki, nyumbani alikuja Desemba hadi Desemba. Mwaka ule alishuka basi sokoni Muthetheni na maboksi mawili yaliyofungwa kwa kamba ya katani, moja la televisheni, jingine la mashine ya video. Kanda zilikuwa tatu. Mbili zilikuwa za karate. Ya tatu ilikuwa na picha ya mwanamke anayeogelea, na chini yake kichwa cha samaki kikipanda, kinywa kimejaa meno.

Jenereta iliazimwa. Televisheni iliwekwa juu ya meza chini ya mwembe, uani kwa susu, nyanya yetu mzaa mama, na kabla jua halijazama watu walikuwa wameshajaa: watoto chini mbele, akina mama juu ya leso zao, wanaume wamesimama nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Bahari sikuwa nimeiona. Maji makubwa niliyoyajua yalikuwa mawili: silanga letu, yaani bwawa la udongo la kukinga maji ya mvua, na Mto Athi upande wa mashariki, ambao tulikatazwa kuukaribia kwa sababu ya mamba.

Filamu yenyewe ilikuwa Jaws, iliyoongozwa na Steven Spielberg na kutoka tarehe 20 Juni 1975, ikifuata riwaya ya Peter Benchley ya mwaka uliotangulia. Kuna mji wa kisiwani, Amity, ambao haupo duniani ila ulipigwa picha katika kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani. Msichana anaingia majini usiku na kuvutwa chini. Mkuu wa polisi, Martin Brody, ambaye ni Roy Scheider, anataka ufuo ufungwe. Meya anakataa. Sikukuu ya tarehe 4 Julai imekaribia, na mji ule hula mwaka mzima pesa za wageni wa msimu mmoja. Daktari aliyekuwa amesema papa ndiye aliyeua anabadilisha maneno yake. Sasa imekuwa ajali ya mashua. Ufuo unabaki wazi, na watu wanakuja na watoto wao.

Mjomba alikuwa akitutafsiria, Kikamba na Kiswahili pamoja. Siku hizi Wakenya wanamjua DJ Afro kwa kazi hiyo, Watanzania walikuwa na Lufufu, na Waganda wana vijei wao. Sisi tulikuwa na mjomba, amesimama kando ya meza na tochi mkononi. Kwenye tukio la mvulana Alex Kintner alinyamaza. Yule mtoto anamwomba mama yake dakika chache zaidi, anaingia majini na boya lake la kulalia, na baada ya muda maji yanachemka palepale alipokuwa. Televisheni ya mjomba haikuwa na rangi, kwa hiyo damu ilipanda nyeusi, kama mafuta machafu ya injini. Watu wanakimbia kutoka majini, kila mzazi amemshika wake, na mama mmoja anabaki ukingoni akiita jina. Kisha wimbi linasukuma boya mchangani, limeraruliwa pembeni.

Baadaye mama huyo anakuja amevaa nguo nyeusi na kumzaba Brody kofi la shavu.

Susu hakujua Kiingereza, na hakuwa amewahi kutazama filamu. Aliuliza jambo moja tu usiku ule. "Yule wa koti la michoro ni nani wao?"

"Ni kama chifu wao, mama," mjomba akajibu.

"Na alijua?"

"Alijua."

"Basi kwa nini huyu mama anampiga askari?"

Mjomba alizima tochi, akaiwasha tena. "Kwa sababu hata yeye alijua."

Swali la susu nimekaa nalo miaka zaidi ya thelathini, na kila mtu anaponiuliza aanze wapi na filamu nne za Jaws, namwambia aanze na kofi lile. Wengi huitazama Jaws wakimngojea samaki. Nawasihi watazame watu: meya mwenye koti lenye nanga ndogondogo, akitabasamu huku akihesabu siku za sikukuu, wenye hoteli na maduka wanaokaa kikaoni wakitaka kujua ufuo utafungwa saa ngapi na kufunguliwa lini, Brody akiwa amekaa mchangani, macho majini, kila mpita njia akimkinga asione. Na baada ya kofi, meya anamwambia Brody kwamba yule mama amekosea, naye anakataa kufarijiwa. Anajua kwamba mama yule hakukosea. Jioni hiyo anakaa mezani nyumbani kwake amevunjika, na mwanawe mdogo anamwiga kila afanyalo: akishika kichwa, mtoto anashika kichwa; akikunja vidole, mtoto anakunja vyake. Hakuna papa, wala muziki wa kutisha. Kwangu ndiyo sehemu inayobeba filamu nzima, maana baba yule anatazama mtoto aliye hai akijua kuna mwenzake asiyekuwepo.

Papa mwenyewe alifichwa, na kufichwa kwake kulitokana na shida. Spielberg alikuwa na miaka 27 walipoanza kazi mwaka 1974, na alishikilia wapige picha baharini hasa, wala si kwenye tangi la studio. Papa wa mashine, waliyembatiza Bruce kwa jina la wakili wa Spielberg, alishindwa na maji ya chumvi. Mitambo iliharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena. Siku 55 zilizopangwa zikawa 159. Ikabidi mwongozaji atafute vitu vya kusimama mahali pa samaki: kamera iliyowekwa usawa wa maji, gati la mbao linalong'oka na kugeuka kumfuata mtu, na noti mbili za John Williams zinazokaribiana kama hatua za mtu anayekuja gizani. Williams alipata Oscar kwa muziki huo, na Verna Fields akapata ya uhariri. Zaidi ya saa moja inapita kabla hatujamwona mnyama vizuri. Kisha nahodha Quint, aliyeigizwa na Robert Shaw, anampiga kwa chusa zilizofungwa mapipa, na kuanzia hapo tunamfuata papa kwa kutazama mapipa yakikimbia juu ya maji. Mapipa hayo ni ya manjano. Boya la Alex nalo lilikuwa la manjano. Mambo hayo sikuyajua hadi nilipoiona filamu kwa rangi, nikiwa mtu mzima.

Usimkose Quint usiku ule ndani ya mashua yake, Orca, anapomsimulia Brody na mtaalamu wa samaki, Matt Hooper wa Richard Dreyfuss, habari za meli ya kivita Indianapolis. Meli hiyo ilikuwepo. Ilikuwa imepeleka vipande vya bomu la Hiroshima katika kisiwa cha Tinian, ikazamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 30 Julai 1945. Kati ya watu karibu 1,200 waliokuwemo, 316 ndio waliookoka, baada ya siku kadhaa majini za kiu, jua, maji ya chumvi na papa. Hawakutafutwa kwa wakati. Kuchelewa kwa meli yao hakukumshtua mtu yeyote bandarini. Usiku ule wa 1990 mjomba hakuyatafsiri maneno ya Quint. Alituambia tu, "Huyu anasema waliachwa."

Zilizofuata nitazipitia haraka. Jaws 2, ya mwaka 1978, iliongozwa na Jeannot Szwarc, na ni ya pekee kati ya tatu hizo ninayoirudia. Brody anaonya tena, anadharauliwa tena, na safari hii baraza la mji linamfukuza kazi. Nusu yake ya kwanza ina maumivu ya kweli, ya mtu aliyewahi kunyamaza na sasa anapiga kelele hata pasipostahili. Baadaye inakuwa vijana kwenye mashua za tanga wakiwindwa, hadi papa anapouma waya wa umeme. Ya tatu, Jaws 3-D, ya 1983, ipo kwenye bustani ya wanyama wa baharini huko Florida, na ilitengenezwa itazamwe kwa miwani; ukiitazama kwenye kanda ya kawaida unaona vitu vikinyooshwa kuelekea usoni pako bila kufika. Ya nne, Jaws: The Revenge, ya 1987, inamhamisha mjane wa Brody hadi Bahamas, na papa anamfuata huko kama mtu mwenye kisasi. Michael Caine alikuwa akiipiga filamu hiyo ndiyo maana hakuwepo kupokea Oscar aliyotunukiwa kwa Hannah and Her Sisters.

Hiyo ya nne ndiyo inayonikera kweli, na si kwa sababu ya mitambo inayoonekana. Papa akishapewa kinyongo, binadamu wote wanatoka safi. Hakuna tena aliyeonywa akapuuza, hakuna karatasi iliyobadilishwa, hakuna pesa za sikukuu. Kuna samaki mbaya tu. Kadiri filamu hizi zilivyozidi kutuonyesha samaki ndivyo zilivyozidi kumsahau yule mama wa nguo nyeusi.

Na samaki mwenyewe si yule wa filamu. Pwani yetu papa ni kitoweo kabla ya kuwa kitisho. Desemba ileile mjomba alikuwa amebeba ng'onda, papa aliyekaushwa kwa chumvi na jua, amemfunga ndani ya gazeti, na harufu yake ilijaza nyumba nzima. Susu alikataa asiingie jikoni. Mjomba akampika mwenyewe uani kwa nazi aliyokuja nayo, akatuambia watoto tuliokuwa tunaogopa hata kunawa miguu silangani: "Huko chini sisi ndio tunaomla." Tulimwuliza kama papa anaweza kupanda Mto Athi. Akatueleza kwamba maji yetu huteremka yakaitwa Galana, kisha Sabaki, yakaingia baharini karibu na Malindi, na kwamba papa hawezi kufika kwetu kwa sababu kiangazi hata mtoto wa kuku anavuka. Ndipo akatusimulia papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote, mwenye madoa mgongoni kama sarafu, anayekula vijidudu vya majini na asiyemdhuru mtu. Wavuvi wa Kilifi na Diani wanamjua. Kule Mafia, Tanzania, huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, na wageni wanalipa kuogelea kando yake.

Samaki huyo ndiye aliyelipa. Baada ya filamu ile, watu huko Marekani walitoka na ndoana kuwinda papa kwa sifa. Uvuvi wa kibiashara, mapezi na nyavu vimefanya makubwa zaidi: utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria papa milioni 100 wanauawa kwa mwaka, ilhali watu wanaokufa kwa kuumwa na papa dunia nzima kwa kawaida hawazidi kumi na kitu. Benchley alitumia miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki mwaka 2006, akiwatetea papa. Spielberg naye mwaka 2022 aliiambia BBC kwamba anajutia yaliyowapata samaki hao kwa ajili ya kitabu na filamu ile. Nawaheshimu wote wawili kwa kulisema hilo hadharani. Kusema si jambo jepesi, na nimelijua kwa njia yangu.

Mwaka 2009 ukame ulikuwa umeikausha Ukambani. Mahindi yalinyauka yakiwa magotini, na mchanga wa mito ulichimbwa hadi mtu anazama mzima kabla hajapata maji ya kujaza kikombe. Silanga letu lilikauka likapasuka. Kamati yetu ya maji iliona hapo ndipo pa kulichimba upya, likiwa tupu. Nilikuwa katibu, nilikuwa mwalimu, na mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Tuliajiri tingatinga kwa mkopo. Dereva alichimba upande mmoja kwa mteremko mzuri ambao ng'ombe anaweza kushuka, na upande mwingine, siku zilipotuishia, akaukata wima kama ukuta.

Katika mkutano wa mwezi wa tisa mzee mmoja alisimama na fimbo yake. Alisema udongo ule ni mwekundu na wa utelezi, mvua ikinyesha upande ule hautamrudisha mtu. Aliomba tuzungushie seng'enge, au hata miiba, na watoto wasichote maji peke yao mpaka ukuta ule ulainishwe. Mwenyekiti alimsikiliza kwa adabu. Kisha akaeleza deni la tingatinga. Maji yakija, alisema, wafyatuzi wa matofali watanunua kwa mtungi, na deni litaisha kabla ya mwaka mpya. Tukifunga upande ule, wanaotoka ng'ambo hawatazunguka, watakwenda kununua kwingine. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimeuona ukuta ule asubuhi ileile. Nilikuwa nimesimama juu yake nikahisi donge la udongo likihama chini ya kiatu. Nikainama nikaandika: "Jambo la ua litaangaliwa baadaye."

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja kwa nguvu. Silanga lilijaa kwa siku chache, maji mekundu mpaka ukingoni, na tulifurahi kama watu waliorudishiwa mtu. Matofali yakaanza. Pesa zikaanza. Jumamosi moja nilikuwa nikiteremka na daftari la mauzo kwapani nilipouona mtungi wa manjano majini, upande wa ukuta. Ulikuwa umelala ubavu, mdomo wazi, ukizunguka polepole. Ukingoni palikuwa na mkwaruzo mpya uliotelemka hadi kwenye maji, upana wa mwili wa mtoto. Hapakuwa na mtu.

Sikupiga kelele mara moja. Nilisimama. Nilichokiona kwa nukta ile kilikuwa lile boya likisukumwa mchangani, na mtungi ule niliuelewa kabla akili yangu haijakubali kuuelewa. Ndipo sauti ikanitoka. Kijana mmoja wa matofali alikuja mbio na matope hadi viwikoni, akajitupa palepale bila kuuliza. Akazama, akaibuka bila kitu, akazama tena. Mara ya tatu alimtoa amemshika kwa kola ya sare ya shule. Msichana wa miaka tisa. Tulimlaza kifudifudi, maji yakatoka, akakohoa, akalia. Sijasikia kilio kizuri kama kile.

Jioni ileile vijana walikata miiba, na kufikia Jumatatu upande ule ulikuwa umezibwa wote. Hakuna aliyetaja deni. Mzee wa fimbo hakusema neno. Alikuja tu kusimama tukifanya kazi, na nilipompa mkono aliushika muda mrefu.

Jumanne mama wa msichana alikuja kwangu. Nilimwona tangu yuko njiani, leso imefungwa kiunoni, na nikaweka chini kikombe nilichokuwa nacho. Nilikuwa najua alichostahili kufanya. Nilikuwa tayari kwa mkono wake, na nilikuwa nimeamua sitajitetea kwa mwenyekiti wala kwa deni. Nilimkaribisha, akakataa kuketi.

"Mwalimu," alisema, "nimeambiwa kuna siku mlikaa mkazungumza habari ya ua. Na kwamba wewe ndiwe unayeandika. Nataka kusikia mlichosema."

Nikaingia ndani nikalileta daftari. Nilitafuta mwezi wa tisa, na karatasi zikawa zinashikana vidoleni. Nikamsomea tangu mwanzo: maombi, waliohudhuria, waliotuma udhuru, maneno ya mzee wa fimbo, maneno ya mwenyekiti juu ya wafyatuzi wa matofali. Nilipofika mwisho sauti ilinikauka, lakini nikasoma.

Alikaa kimya kidogo, macho yake kwenye ukurasa asioweza kuusoma.

"Hapo mwisho," akasema. "Mwandiko huo ni wako?"

"Ni wangu, dada."

"Nisomee tena."

Nikamsomea tena.